Nina wiki tatu hosteli hapa Malindi. Nihame nikapange au nikae?

BintiLangoni (Ijumaa usiku)

Assalamu alaykum nyote. Mimi ni msichana wa Lamu, mtaa wa Langoni, umri miaka 19. Niko mwaka wa kwanza, diploma ya uhasibu, katika chuo kimoja hapa Malindi. Jina lake naliacha, sikuja kukisema chuo. Nimekuja kuuliza, na nawaomba wenye subira wanisome mpaka mwisho, maana nyumbani kwetu mimi ndiye wa kwanza kuvuka kwenda kusoma na sina dada wa kumuuliza.

Siku ya kuja tulitoka mimi na baba baada ya swala ya alfajiri. Punda alibeba sanduku langu la bati na godoro mpaka gatini, tukavuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi. Safari ni zaidi ya kilomita 200, mnapita Witu, Garsen, Gongoni, na mkifika vizuizi vya polisi abiria hushuka na vitambulisho mkononi, mkapita kwa miguu, mkapanda tena. Kila tukishuka baba alikuwa anatazama juu ya basi kama godoro bado lipo. Kule kwenye boti maji yalikuwa yamelirukia, likalowa ncha moja, na lilipokauka likabaki na mstari mweupe wa chumvi kama umechorwa kwa chaki. Mpaka leo upande huo nauweka miguuni.

Getini baba akaambiwa hosteli ya wasichana mwanamume haingii, hata akiwa mzazi. Akalitua godoro, akanipa chupa ya achari ya maembe aliyonifungia mama na mikate ya mofa ndani ya kitambaa. Akasema, "Kaa na wenzio vizuri." Akaenda zake bila kugeuka, na mimi najua kwa nini hakugeuka.

Chumba chetu ni cha watu wanne. Vitanda viwili vya ghorofa, makabati manne membamba, meza moja, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo. Feni hakuna, na mimi nimepata kitanda cha juu, ambako ndiko joto lote hupanda likakaa. Majina ya wenzangu sitayataja, nitawaita kwa makwao: mmoja wa Ganze, mmoja wa Garsen, mmoja wa Machakos. Wa Machakos ndiye yuko chini yangu.

Sasa yanayonitatiza.

Kwanza maji. Tuko ghorofa ya pili. Mchana ukifungua mfereji unasikia upepo tu. Nyuma ya jiko kuna kisima, lakini maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zinageuka makumbi ya nazi. Saa kumi na mbili asubuhi foleni ya pale ina watu kama 30, na kipindi cha kwanza ni saa mbili. Mara mbili nimechelewa darasani, na mara moja nimekwenda bila kuoga. Kwetu sijawahi kutoka mlangoni bila kuoga, siku ile nilikaa nyuma kabisa na nikatoka wa mwisho.

Pili, chumba ni cha wanne lakini tunalala watano. Kuna rafiki yake wa Garsen, huingia saa nne usiku na begi, hutandika leso mbili sakafuni akajifunika ya tatu, na alfajiri hukunja akatoka. Hapa wanawaita mapairati, watu wanaolala chumba wasichopewa. Hana kelele, ni mpole sana. Lakini nikishuka usiku naogopa kumkanyaga, na naogopa pia msimamizi akija kukagua tutaitwa sote.

Tatu ni swala. Simu yangu hulia saa kumi na moja kasorobo. Wiki ya kwanza wa Machakos aligeuka akasema, "Kila siku? Kila siku hivi?" akajivutia shuka kichwani. Tangu siku hiyo naiweka chini ya mto itetemeke tu, na alfajiri mbili zimenipita nimelala. Hilo limeniuma kuliko maji.

La nne ni dogo, lakini ndilo lililonifunga mdomo. Siku ya pili tulikuwa tunapanga kununua chakula kwa pamoja, nikasema mimi nitatoa pesa za mtele. Wa Machakos akauliza, "Mtele ni nini?" Nikasema mchele. Wakacheka. Labda haikuwa kwa ubaya. Lakini kwetu watu wote husema mtele, husema ndia, husema yana. Tangu hapo kila neno nalipima kwanza, na nikimaliza kulipima mazungumzo yameshahamia kwingine. Siku hizi nasema "ndio", "hapana" na "asante", basi.

Nina binamu yangu amepanga chumba Maweni, choo cha nje, shilingi 4,000 kwa mwezi. Anafanya kazi hotelini, mara nyingi zamu ya usiku. Ameniambia nije tugawane, kila mtu 2,000. Hosteli nimeshalipa 7,500 ya muhula na hazirudishwi. Nimepiga hesabu: imebaki miezi mitatu, kwa hivyo ni 6,000. Baba ni fundi wa majahazi na kazi haipo kila mwezi. Nikimwomba hizo 6,000 atazitoa. Hicho ndicho kinachoniogopesha, kwamba atazitoa.

Nihame au nikae? Na nikihama, nimwambie vipi baba aliyelibeba lile godoro?

MwenyeVyumba_Barani (Ijumaa usiku)

Waalaykum salaam binti. Mimi nina vyumba sita vya kupangisha na wapangaji watatu ni wanafunzi, kwa hivyo nitakuzungumzia hesabu peke yake. Mengine watakuja wanawake wenzako wakueleze.

Wewe unasomea uhasibu, lakini hesabu yako imeruka mistari. Kodi 2,000, sawa. Stima ni ya tokeni, na wawili mkiwa na taa, pasi na simu za kuchaji, weka 300 yako kila mwezi. Maji ya mfereji na huku pia hukatika, na siku yamekatika wa mkokoteni atakuuzia mtungi kwa 20 au 30 na utataka miwili. Halafu nauli, ambayo hukuitaja kabisa. Tuktuki weka 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 12 zilizobaki: hizo ni 6,000 nyingine, sawasawa na kodi. Usiniambie utatembea. Kipindi cha jioni kikiisha saa moja na nusu usiku msichana mgeni mjini hatatembea peke yake mpaka Maweni, na babako akisikia atakuja na boti ya kwanza.

Jingine: kodi imeandikwa kwa jina la nani? La binamu yako. Masika ikifika, Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi za hapa hupunguza watu na nyingine hufunga. Akiambiwa apumzike kazi atarudi kwao, wewe utabaki na 4,000 zote au utoke. Kwangu limetokea, na yule msichana ilibidi nimwachie mwezi mmoja bure maana alikuwa kwenye mitihani. Si kila mwenye nyumba ataweza hivyo.

Sikukatazi. Ipange upya hiyo karatasi kwanza.

UmmuWawili (Jumamosi asubuhi)

Binti wa Langoni, nimeisoma yako usiku nikaamka nayo. Mimi ni wa Malindi, Shela, nina watoto wawili sasa. Chuo nilisoma hapahapa pwani, na wiki ya tano ya mwaka wa kwanza nilihama hosteli. Naomba nikueleze nilivyohama, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Chumbani kwetu kulikuwa na msichana akikaanga ng'onda, samaki mkavu, kwa koili ya umeme, usiku, madirisha yamefungwa ili msimamizi asinuse. Harufu ile iliingia kwenye buibui langu, kwenye vitabu, kwenye mto. Mwingine alikuwa anasikiliza redio mpaka saa saba. Sikusema neno. Nikinyamaza, nikivimba, nikienda kukaa maktaba mpaka inafungwa. Nilikuwa nadhani uso wangu unatosha, kwamba mtu mwenye akili ataniangalia na atajua.

Jumapili moja wamekwenda kanisani nikafunga vyangu nikatoka. Ufunguo nikamwachia mlinzi. Jioni yule wa ng'onda akanipigia simu. "Umehama? Tumekukosea nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka kwelikweli. Nilishindwa kumjibu, maana hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa hajui. Wiki tano nzima nilikuwa nimemkasirikia mtu asiyejua.

Huko nilikohamia nilipanga na rafiki. Katikati ya muhula akaposwa, akaolewa, akaondoka. Kodi yote ikawa yangu. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba habari za chuo hupita hosteli. Mwalimu mmoja aliuhamisha mtihani kutoka Alhamisi hadi Jumanne, akamwambia kiongozi wa darasa, kiongozi akawaambia wa hosteli usiku wakiwa kwenye foleni ya bafu. Mimi nilifika Alhamisi na kalamu yangu, chumba kitupu. Somo lile nilirudia mwaka wa pili. Na mwaka wa pili nilipotaka kurudi hosteli nikaambiwa vitanda ni vya mwaka wa kwanza kwanza. Angalia sana hapo kabla hujakitoa kitanda chako.

Sasa nikuulize na mimi. Katika hayo manne yako, ni lipi ulilomwambia mtu? Nimekusoma mara tatu, sijaliona hata moja.

Tuanze na maji. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na huko huko ndiko hutoka ya Kilifi na Mombasa. Mchana mji mzima umefungua mifereji, presha inakwisha kabla ya kupanda ghorofa. Usiku wa manane watu wamelala, presha inarudi. Mama yangu miaka yote aliteka saa kumi za usiku, na mpaka leo mimi nikiamka kumnyonyesha mtoto saa hizo nasikia tangi likijaa. Mwanangu, wewe unaamka saa kumi na moja kasorobo. Hao wenzio watatu wamelala, na wewe uko macho, tena unakwenda kutia udhu. Umewahi kujaribu mfereji saa hiyo? Jaribu kesho. Kama unatoka, basi simu hiyo unayoificha chini ya mto ndiyo itakayokitekea maji chumba kizima, na utaona kama kuna mtu atasema "kila siku".

Huyo wa Machakos muulize analala saa ngapi. Hujui. Mtu aliyelala saa nane za usiku akiamshwa saa kumi na moja kasorobo atanung'unika hata ukimwamsha kwa biriani. Si lazima awe na neno na swala yako.

Huyo wa tano, muulize jina na anasoma nini. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mwaka wetu tulikuwa na mmoja hivyo, na sikuwahi kumuuliza, baadaye nikasikia ada ya hosteli kutoka nyumbani kwao ilichelewa siku nne na kitanda kikapewa mwingine. Kwetu ilipofika wiki ya nne au ya tano vitanda vilikuwa vinapatikana, vya waliopangiwa nafasi wasiripoti. Mwambieni aende kwa msimamizi mwenyewe, akiwa na mmoja wenu, kabla msimamizi hajamkuta sakafuni. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa.

Mambo madogo haraka haraka. Kitanda cha juu funga chandarua kwa kamba nne kwenye dari au kwenye dirisha, usikining'inize kwa ndoano moja, kitakuwa usoni. Sanduku la bati zuri sana, tia kufuli ya shaba, hizi nyeupe hupata kutu kwa hewa ya bahari na siku moja ufunguo unakatikia ndani. Koili usiikubali chumbani hata wakikuita mwoga: nyaya za majengo yale hazikutengenezwa kwa ajili yake, na godoro la sponji likishika moto hamtafika mlangoni. Mkitaka kupika pamoja, tafuteni pale panaporuhusiwa.

Na ufikirie Ramadhani. Itakukuta chuoni. Daku ya peke yako katika chumba cha Maweni, binamu yuko zamu, ni kikombe cha chai na kulala tena. Mimi nimeipitisha moja hivyo na sitaki nyingine.

Babako usimwambie lolote kwanza. Ongea na hao wanne.

MwalimuMstaafu_Mkomani (Jumamosi, adhuhuri)

Mwanangu, nimefundisha Kiswahili miaka 31, kwetu Lamu na bara. Yote wamesema wenzangu. Mimi nataka kusema juu ya mtele.

Hilo si kosa. Katika Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, mahali pengi penye *ch* ya wenzetu sisi tuna *t*: macho ni mato, mchele ni mtele. Penye *j* tuna *y*: juu ni yuu, jana ni yana. Penye *nj* tuna *nd*: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Ni utaratibu, una kanuni zake, wala si mtu kukosea ulimi. Mwaka 1928 wajumbe wa Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya vitabu vya shule walichagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, na mchele ukawa ndio wa vitabuni. Wangechagua yetu, leo huyo binti wa Machakos angekuwa anasema mtele. Na tenzi nyingi za kale ambazo wanafunzi husomeshwa mpaka vyuo vikuu zimetungwa kwa lugha hiyo uliyoionea haya.

Kwenye karatasi ya mtihani andika mchele. Chumbani sema kama mamako. Na wao waulize maneno ya kwao. Nimekaa mabweni ya walimu na watu wa kila kabila, na sikuona kitu kinachowalegeza watu usiku kama kuulizana, "Kwenu hiki mwakiitaje?"

Mpe salamu babako. Mafundi wa majahazi nawaheshimu sana.

BintiLangoni (baada ya siku kumi na mbili)

Shikamoo mwalimu. Salamu kwako Ummu, na kwako baba mwenye vyumba. Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kusema.

Jumapili alfajiri nilifanya kama alivyosema Ummu. Korido yetu ina mifereji mitatu. Wa kwanza ulikohoa, wa pili haukutoa kitu. Wa mwisho, ule wa pembeni kabisa penye ukuta ulioota ukungu, ulitoa maji membamba kama kidole, baridi, matamu. Nikaweka mtungi wangu. Mtungi ukiwa mtupu maji hulia mazito chini, kisha yanavyopanda sauti inakuwa nyembamba, nyembamba, mpaka unajua kwa sikio kwamba umekaribia shingo. Nilisimama gizani nikisikiliza. Nikarudi nikachukua mtungi wa wa Ganze, halafu wa wa Garsen, halafu wa wa Machakos, bila kuwaambia. Nikaswali wakati wa mwisho unajaa. Ilipofika saa kumi na mbili mitungi minne ilikuwa imepangwa nyuma ya mlango. Wa Ganze aliamka akaitazama kwa muda. Akauliza, "Nani amekwenda kisimani?" Nikasema, "Si ya kisima. Onja." Akaonja kwa kiganja.

Jioni nilinunua viazi karai getini, nikafungua ile achari ambayo nilikuwa naila peke yangu kwa siri kidogo kidogo. Nikawaambia nina neno. Mikono ilinitetemeka, sitaficha. Nikasema kuhusu simu, kuhusu swala, nikasema na habari ya mtele.

Wa Machakos alikaa kimya, halafu akasema simu yenyewe haimsumbui. Wiki ya kwanza alidhani nimesahau kuizima, kwamba ni ya shuleni. Kinachomwamsha ni kitanda. Nikishuka ile ngazi ya chuma, kitanda chote kinayumba na kulia mpaka kwake, na yeye hulala saa saba au nane kwa sababu hesabu hazimwingii mchana. Wiki tatu nzima nilikuwa naificha simu chini ya mto! Tukabadilishana vitanda usiku uleule. Sasa mimi niko chini na ninatoka kimya, yeye yuko juu na chandarua tumekifunga kwa kamba nne. Na mimi namsaidia hesabu saa tatu usiku, ili alale mapema.

Aliniambia na hili: alikuwa ameshaamua kwamba mimi simpendi, kwa kuwa simjibu ila neno moja moja.

Maneno tumeulizana, mwalimu. Wa Ganze anasema kwao mahindi ni *matsere*, na alipolisikia mtele mara ya kwanza ndilo lililomjia, akadhani nataka kununua mahindi. Tulikaa mpaka saa tano na maneno ya samaki peke yake.

Huyo wa tano yuko darasani kwetu! Tunasoma uhasibu pamoja, mimi hukaa mbele yeye nyuma, sikuwahi kugeuka. Pesa za hosteli zilifika nyumbani kwao zikiwa zimechelewa, kama vile vile alivyosema Ummu. Amekwenda kwa msimamizi pamoja na wa Garsen. Kitanda bado hakijapatikana, jina lake limeandikwa. Alikiri kwamba alikuwa anatoka alfajiri kwa kunionea mimi haya, kwamba mimi ndiye niliyekuwa natazama sana. Bado naogopa ukaguzi, hilo halijaisha, lakini sasa halali tena kwenye leso tupu. Tunateremsha mto na blanketi langu la baridi ambalo Malindi sina kazi nalo.

Si kila kitu kimekuwa sawa. Wa Garsen bado hupiga simu kwa sauti saa sita usiku, nimemwambia mara mbili. Joto ni lile lile. Na Jumatano iliyopita maji hayakuja kabisa, hata alfajiri, tukarudi kisimani sote na makumbi yetu kichwani.

Karatasi nimeipanga upya, baba. Kodi, tokeni, maji ya mkokoteni na nauli, imefika 14,000 kasoro kidogo. Binamu nimemwambia siendi, alinuna siku mbili, nikampelekea nusu ya achari iliyobaki.

Baba nilimpigia Ijumaa baada ya swala. Aliuliza kama godoro limekauka. Nikasema limekauka. Akauliza nalala juu au chini, nikasema chini. Akasema chini ni bora, mtu haanguki. Sikumwambia mengine, na hakuuliza.

Nina ombi moja kwa walio Malindi. Kama kuna mtu upande wa Maweni au Barani ana mtungi wa lita 20 uliotumika anauuza, usiwe na harufu ya mafuta, aniandikie hapa. Tunayo minne, tunataka wa tano.